Funguo Ndani ya Friji

4 Septemba 1997

Masikio, mdogo wangu,

Mzima wewe? Sisi wazima, ukiondoa goti la Mama ambalo linatabiri mvua kila siku na mvua yenyewe hainyeshi. Sukari yake imetulia. Namchoma sindano asubuhi na jioni, na kila asubuhi ananiambia mkono wangu mzito kuliko wa yule mama wa zahanati. Juzi nikamwambia basi tumwajiri mama wa zahanati aje alale hapa. Akanuna mpaka saa sita mchana. Anakusalimu, na anauliza kama huko unakula au kazi yako ni kusikiliza tu.

Sasa kaa nikupe habari. Jana walikuja watu wa televisheni kuangalia karakana ya Baba. Unajua tangu tuuze mashine za mbao pale ndani hamna kitu, mimi nilikuwa naanikia nguo. Wanatafuta pa kupanga wapafanye studio, miezi sita, wanarekodi mchezo wa kuigiza wa mambo ya ukoo, mama mkwe na wakwe zake. Walikuja watatu: mtayarishaji, ambaye ni mwanamke mrefu asiyeachana na daftari lake, fundi picha, na fundi sauti mmoja mfupi ambaye hakusalimia mtu. Huyo wa mwisho aliingia mpaka katikati, akapiga makofi mara moja, pa! Akainamisha kichwa kama kuku aliyesikia kitu. Akapiga tena. Kisha akasema, "Hapa panalia." Nikamwambia ndugu yangu, hapa hajafa mtu, panalia nini? Hakucheka hata kidogo.

Mtayarishaji amepapenda. Paa liko juu, hakuna nguzo katikati, lango linapitisha gari, na ule umeme mkubwa wa mashine za Baba bado upo. Lakini fundi sauti akisema hapana, ni hapana. Wametupa mwezi mmoja na nusu turekebishe, la sivyo wanakwenda kwingine. Wewe ndiye uliyesomea mambo hayo, nieleze la kufanya. Mama anawataka hao wapangaji kuliko mimi. Anasema tangu Baba afariki karakana haina sauti, naye chumba chake kiko ukuta wa pili, amechoka.

Andika upesi. Usinifanyie ile yako ya "nilibanwa na kazi".

Dada yako


25 Septemba 1997

Dada, shikamoo.

Barua ya Mama nimeiweka peke yake, mpelekee kama ilivyo, usiichanganye na yako. Mimi sijambo. Baridi imeanza huku, na chumba nilichohamia dirisha lake linatazama ukuta, kwa hiyo sijui mchana unaisha lini. Kazini bado ni msaidizi. Nabeba nyaya, nashikilia mti wa maikrofoni juu ya vichwa vya watu mpaka mabega yanawaka moto.

Huyo aliyepiga makofi anajua kazi, usigombane naye. Kuta tupu zinarudisha sauti. Tafuta mablanketi mazito, magodoro ya zamani, mazulia, chochote kinene. Vining'inize, lakini visigusane na ukuta, acha nafasi ya kiganja. Wakikwambia trei za mayai, waache, zile zinapendeza macho tu. Lango ligongelee mpira pembeni. Njiwa wa darini wafukuze, najua Mama atalalamika.

Halafu friji. Lile friji liko stoo, na stoo inapakana na karakana. Linaunguruma. Nyinyi mmelizoea hamlisikii, maikrofoni inalisikia. Wakianza kurekodi lizime. Na hapa nikufundishe kitu ambacho mafundi wote huku wanafanya: ukizima friji, weka funguo zako ndani yake. Ziwe funguo ambazo huwezi kumaliza siku bila hizo. Kazi ikiisha utazitafuta, utafungua friji, utakumbuka kuliwasha. Hata mtu msahaulifu kama wewe hawezi kukosea.

Kuja, nitakuja Desemba wakinipa ruhusa. Mwambie Mama asianze kutangaza kwa majirani.

Mdogo wako


2 Novemba 1997

Masikio,

Marahaba. Mama naye amepokea yake na hakutaka hata niiguse. Hajambo. Binti wa Shangazi amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya kuuzia magazeti. Yule fundi viatu jirani yetu ameoa, hatimaye, na mkewe ni mtu mzuri, anakuja kumsuka Mama nywele.

Kazi imeanza! Niliomba magodoro mtaa mzima, watu wakadhani nafungua hospitali. Mablanketi nimeyaning'iniza, nafasi ya kiganja, hukusema kiganja cha nani nikatumia cha Mama. Fundi sauti akarudi, akapiga makofi yake, pa, akasubiri. Akasema, "Haya." Neno moja tu, ila nilitaka kumkumbatia. Hapa tunamwita Bwana Kimya, maana kutwa nzima ni hilo: "Kimya! Kimya tafadhali! Nani huyo anapumua hivyo?"

Ungeiona karakana ya Baba. Pale palipokuwa na msumeno mkubwa wamejenga sebule. Kuta tatu, wa nne haupo, dari haipo. Kuna makochi, saa ya ukutani isiyotembea, na dirisha lenye pazia, nyuma ya pazia kuna taa inayojifanya jua. Siku ya kwanza Mama aliingia, akaangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wenye nyumba wameishiwa?"

Yule anayeigiza mama mkwe sasa ni shoga yake. Wakipumzika anakuja kukaa chumbani kwake. Mama akamwambia, "Wewe unapiga kelele mno. Mkwe hasemwi kwa kelele. Unaangalia masufuria yake, unaguna, unaondoka." Kesho yake yule mama akaguna mbele ya kamera, watu wote wakashindwa kujizuia, hata Bwana Kimya alitabasamu. Tangu siku hiyo Mama anajiona mwalimu. Wanapoita "kimya" anakaa kitandani amejishika mdomo, macho yamemtoka kwa furaha.

Friji nazima. Funguo za lango naziweka ndani, pale kwenye mayai. Mara mbili nimefika langoni jioni, nikapapasa mfuko, hamna kitu, nikarudi stoo nikicheka peke yangu. Basi mbinu yako inafanya kazi. Usivimbe kichwa, masikio yanatosha.

Ndani ya bahasha hii kuna kaseti ya kipindi cha kwanza. Tazama uniambie. Na Desemba uje, Mama ameshatangaza.

Dada


1 Desemba 1997

Dada, shikamoo.

Kaseti imefika. Nimeitazama mara tatu, mara ya tatu nimefumba macho nisikilize tu. Mmefanya kazi ya watu wazima. Mwambie Mama ule mguno umefika mpaka huku. Mkubwa wangu wa kazi hajui neno hata moja la lugha yetu, lakini aliposikia alikaa vizuri kwenye kiti.

Nikwambie kama fundi, usikasirike: friji nimelisikia. Lile onyesho la binti anapoulizwa kama ana mimba, ananyamaza kabla ya kujibu. Chini ya ule ukimya kuna mngurumo. Unalizima wanapoita kimya, siyo? Unachelewa. Ule ukimya ndio mchezo wenyewe, Dada, na umeharibika. Nilikuwa nimewaita wenzangu waje waone studio ya nyumbani kwetu, nikaona haya. Lizime asubuhi wakifika, ulirudishe jioni wakiondoka. Usiwe unazima na kuwasha katikati.

Hili msomee Mama taratibu. Siwezi kuja. Wameninyima ruhusa, kazi ni nyingi. Nitajitahidi Aprili. Mwambie asinune.

Mdogo wako


6 Februari 1998

Mdogo wangu,

Hatujambo kiasi. Mvua bado. Mtoto wa Binti wa Shangazi ameanza kukaa.

Mama sukari imempanda. Ilianza na kiu, halafu uchovu, halafu Jumapili akawa anachanganya maneno, akaniita mimi Masikio. Amelazwa tangu Jumatatu. Daktari aliuliza kama anachomwa sindano kila siku, nikamwambia sijakosa hata moja. Akauliza anakula nini. Nadhani anaonja vitu vitamu kwa siri, wale waigizaji wanaleta biskuti. Nimemwambia muuguzi hivyo.

Leo ameamka, amekunywa supu, anaendelea vizuri. Usiwe na wasiwasi. Sina mengi.

Dada


24 Februari 1998

Dada,

Barua yako ya tarehe sita imefika leo. Telegramu ilikuwa imefika wiki iliyopita. Kwa hiyo leo nimekaa kitandani nikasoma kwamba Mama amekunywa supu na anaendelea vizuri, siku ya nane tangu mmzike.

Sikuweza kuja. Siku niliyopokea telegramu ndiyo siku mliyokuwa mkirudi kutoka makaburini. Nilikwenda kazini, kwa sababu sikujua mtu anakwenda wapi siku kama hiyo. Nilishikilia mti wa maikrofoni. Machozi yalinitoka mikono ikiwa juu, nisiweze kujifuta. Mkubwa wangu akaona, akaniambia nenda nyumbani. Nyumbani gani, Dada?

Nieleze. Taratibu, kuanzia mwanzo. Aliugua vipi? Sukari yake miaka sita haijasumbua, imepandaje ghafla? Alisema nini? Aliniulizia?

Andika hata kama ni vigumu.

Mdogo wako


20 Machi 1998

Mdogo wangu mpenzi,

Pole. Najua pole yenyewe haitoshi. Sisi tunajikaza. Shangazi amekaa nami wiki tatu, jana ameondoka, na nyumba imekuwa kubwa mno.

Nikueleze mazishi, maana hukuwepo na ni haki yako. Watu walijaa mpaka barabarani. Mvua ambayo goti lake lilikuwa likiisema tangu mwaka jana ilianza saa tisa kasoro, tukiwa makaburini, ikaacha saa tisa na nusu. Viti tuliazima shuleni, fundi viatu ndiye aliyevibeba kwenda na kurudi. Binti wa Shangazi alisoma wasifu wa marehemu, akakosea mwaka aliozaliwa, nikamsikia mtu nyuma yangu akisema Mama angefurahi, amepunguziwa mitano. Nilimvalisha lile gauni la bluu. Watu wa studio walisimamisha kazi siku tatu. Bwana Kimya alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na ni mfupi, ikabidi wampange nyuma kabisa. Yule mama mkwe wa mchezo alilia kwa sauti mpaka watu wakageuka kumtazama, wakidhani anaigiza. Hakuwa anaigiza. Mashada ya maua yalikuwa kumi na moja. La kwako niliandika jina lako mwenyewe, nikaliweka upande wa kichwa.

Kwa haya uliyouliza, ni sukari. Madaktari wamesema sukari. Alikuulizia, ndiyo, nikamwambia unakuja Aprili. Mengine anajua Mungu.

Kula vizuri. Vaa nguo nzito.

Dada yako


12 Aprili 1998

Dada, shikamoo.

Sijambo. Nisalimie Shangazi.

Nimezisoma zile kurasa zako nne mpaka karatasi inachanika kwenye mikunjo. Najua nani alibeba viti. Najua mvua ilianza saa ngapi na ikaacha saa ngapi. Sijui mama yangu amekufaje.

Biskuti? Mama huyu huyu aliyerudisha kikombe cha chai kwenye harusi ya watu kwa sababu ya kijiko kimoja cha sukari, akaaibisha ukoo mzima? Mama hakuwa mtu wa kula kwa siri. Alipokuwa na hamu ya kitu alitangaza nyumba nzima ili tumkataze.

Wewe tangu utoto ukificha jambo unaongea sana. Siku ulipovunja redio ya Baba ulitueleza habari za paka nusu saa. Nakujua. Unanificha nini?

Niambie. Hata liwe baya. Ninalolifikiria usiku nikikosa usingizi ni baya zaidi. Nafikiria kwamba ulimwacha, kwamba ulichoka naye, sindano kila siku miaka yote hiyo mimi niko mbali. Nafikiria mambo ambayo naona aibu kuyaandika. Kama siyo hivyo, niambie siyo.

Mdogo wako


9 Mei 1998

Mdogo wangu,

Leo sina salamu. Kwa kuwa nikificha naongea sana, nitajaribu kusema kwa kifupi. Nikishindwa nivumilie.

Sikumwacha. Sikumchoka. Usifikirie hivyo tena.

Nilikuwa nazima friji asubuhi na kuliwasha jioni, na funguo za lango ndani. Lakini kila gari lilipotaka kutoka katikati ya kazi ilibidi nikimbie stoo kuzichukua, halafu nizirudishe. Ikanichosha. Mwanzoni mwa Januari nikaenda kuchonga funguo za pili, nikazitia mfukoni. Nikajiona mjanja.

Alhamisi ya tarehe nane walirekodi onyesho la harusi. Walimaliza wamechoka, na walikuwa wanakwenda mapumziko mpaka Jumanne. Nikafunga lango kwa funguo za mfukoni. Kesho yake alfajiri nikaenda kwa Shangazi kumwona mtoto. Mke wa fundi viatu alibaki na Mama, akamchoma sindano vizuri tu, kutoka ile chupa ya dawa inayokaa chumbani kwenye mtungi wa maji. Zile nyingine, chupa nne za akiba, zilikuwa kwenye friji, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kulifungua.

Nilirudi Jumatatu jioni. Stoo unaijua: bati tupu, haina dirisha, jua la alasiri linaupiga ukuta wake. Nilikanyaga maji. Nikafungua friji, nikapigwa na joto usoni. Zile funguo za kwanza zilikuwa pale pale kwenye mayai. Nikashika chupa za Mama moja moja. Zilikuwa na joto kama mkono wa mtu.

Dawa hizo nilizingojea wiki sita, zahanati walikuwa wameishiwa. Na kwenye boksi imeandikwa zisipate joto, nimesoma, najua kusoma. Nikaliwasha friji. Nikasimama pale, nikajiambia zikipoa zitakuwa kama zilivyokuwa. Mimi mtu mzima nilijiambia hivyo. Nikafuta maji, sikumwambia mtu. Chupa ya chumbani ilipoisha nikaanza hizo.

Daktari alipouliza habari za dawa, jibu lilikuwa mdomoni. Nikasema biskuti.

Sasa nisikilize hili, kwa sababu ndilo linaloniua. Muuguzi akaenda kitandani kwa Mama, akamsema mbele ya wagonjwa wote. Mama mtu mzima, unaiba sukari kama mtoto, huoni unavyomtesa binti yako? Mama akasema hajala. Muuguzi akamwambia, binti yako ndiye aliyesema. Mama akageuka akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu. Halafu akamwambia yule muuguzi, "Binti yangu hasemi uongo. Basi labda nimekula nikasahau." Akaomba radhi. Mama alimwomba radhi muuguzi kwa kitu ambacho hakukifanya, ili mimi nisionekane mwongo.

Na nikanyamaza. Hospitali nako dawa ilikuwa adimu, wakaendelea na zile nilizokwenda nazo. Siku ya nane ndipo nilipomwambia daktari kwamba huenda zilipata joto. Nilisema "huenda". Alizibadilisha saa hiyo hiyo. Mama akapata nafuu siku mbili, halafu figo zikagoma. Nilimuuliza daktari kama ni mimi. Akasema inawezekana ni dawa, inawezekana ni figo, zilikuwa zimechoka siku nyingi. Hajui. Sisi nasi hatutajua.

Sikuombi unisamehe. Uliomba nikwambie, nimekwambia.

Dada


30 Agosti 1998

Dada, shikamoo.

Nimekaa na barua yako zaidi ya miezi mitatu. Nimeandika majibu manne, yote nimeyachana. La kwanza lilikuwa na sentensi moja tu, na unaijua.

Nilitaka kukuchukia, na wiki kadhaa niliweza. Nilikuwa nikitembea barabarani naongea nawe kwa sauti, watu wananipisha. Halafu siku moja nikaisoma barua yako na kalamu mkononi, kama tunavyosikiliza kaseti kutafuta kasoro. Nikaona kuna kitu hakimo. Umeandika maji, bati, mayai, umejivua nguo mbele yangu. Hukuandika nani aliyekwambia uzime friji. Hukuandika nani aliyekwambia uliache limezimwa kutwa nzima kwa sababu aliona haya mbele ya wenzake. Umepita juu ya hilo kama halikutokea. Ningekuwa mimi, Dada, ningeanza nalo.

Dawa za Mama nilijua ziko humo. Kabla ya kuondoka ni mimi niliyezipanga, rafu ya juu, mkono wa kushoto. Nilipokuandikia sikuzifikiria. Nilifikiria mngurumo.

Na Desemba sikunyimwa ruhusa. Nilipewa. Waliniambia nikibaki sikukuu watanikabidhi mitambo mwenyewe, mara ya kwanza, niwe fundi kamili kwa siku hizo. Nikabaki. Mama alikufa anawalaumu wakubwa zangu.

Ningekuja Desemba ningekuwepo mpaka Januari. Ningelizima mimi, ningeliwasha mimi.

Kazi sasa siiwezi. Wakiita kimya natoka nje. Nimeomba wanihamishie stoo ya nyaya, wamekubali, wananiona nina wazimu kidogo. Sijui nikuandikie nini zaidi. Sina hasira nawe tena. Nilidhani hasira ikiisha kutakuwa na kitu kingine kizuri pale, hakuna. Nina majonzi tu.

Mdogo wako


21 Septemba 1998

Masikio wangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha nilikaa chini palepale posta, watu wakaniruka.

Sisi, yaani mimi, sijambo. Mkataba wa studio umekwisha. Walivunja sebule yao kwa siku moja, Bwana Kimya akanisaidia kuteremsha mablanketi na kurudisha magodoro ya watu. Mtayarishaji anataka kupanga tena, mchezo mpya, na safari hii wanataka mwaka mzima. Nimemwambia angoje. Karakana ni yetu wawili, na mimi peke yangu siwezi tena kuamua jambo lolote kuhusu pale ndani.

Lile la friji sikuliandika kwa sababu funguo za pili hukuchonga wewe. Wala biskuti hukusema wewe. Usijitwike vyangu, vyako vinakutosha. Na hilo la Desemba, mdogo wangu, limeniuma. Sitakudanganya kwamba halikuniuma. Alikuwa ametandika kitanda chako, alikuwa akishinda langoni. Lakini umeniambia, na mimi najua kuambia kunagharimu nini.

Nikueleze nilichofanya. Alhamisi nilikwenda hospitali kumtafuta yule muuguzi. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi, nimevaa vizuri, maneno nimeyapanga njia nzima. Alipotoka nikamsimamisha. Nikamwambia, dada, mwezi wa pili ulimsema mama yangu, kitanda cha pembeni dirishani, kwamba anakula sukari kwa siri. Hakula. Mimi ndiye niliyedanganya.

Akaniangalia kwa upole, maana si mtu mbaya. Akaniuliza, "Mama yupi?"

Nikamweleza. Mrefu, sauti nzito, alikuwa anakataa mto wenu, anasema unanuka dawa. Alikuomba radhi. Akakunja uso akajaribu, nilimwona anajaribu kweli kweli. Halafu akanishika mkono. Akasema, "Pole sana, dada yangu. Wanaoniomba radhi ni wengi."

Nilikuwa nimejiandaa anifokee, ningefurahi angenifokea. Kwa hilo sikujiandaa. Nilirudi kwa miguu mpaka nyumbani, nikaingia karakana, nikalia katikati pale, na sasa hakuna blanketi hata moja, panalia pote.

Basi duniani tumebaki wawili tu, mimi na wewe, tunaojua kwamba Mama hakula ile sukari. Mmoja hatoshi. Njoo nyumbani.

Dada